MCHORO WA KIUNONI NA SINDANO YA UZAZI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu ndani ya tumbo la mama yake hatua baada ya hatua. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu wa Pwani waliohamia Thika na Ruiru kwa ajili ya kazi na biashara wana mabinti wanaokulia huko, mbali na nyanya zao. Miongoni mwa mambo wanayoyakuta katika miji hiyo, na hata Mombasa hayakosekani, ni hii ada ya kuchorwa mwilini kwa sindano ya wino, ambayo vijana huiita tatuu. Wengine huchorwa mgongoni kwa chini, juu ya kiuno. Kisha binti huolewa, hushika mimba, na siku zake zinapokaribia huzuka suali: je, mwenye mchoro huu aweza kupigwa sindano ya ganzi ya mgongo? Wako wanaosema kuwa sindano ikipita kwenye wino mama atapooza. Na wako wasemao neno zito zaidi, kuwa uchungu ule ni adhabu yake, basi na auonje. Kauli zote mbili zataka kupimwa kwa elimu, kwani zilizo hatarini ni roho mbili, ya mama na ya mtoto.

Twaanza na hukumu, ili asije mtu akadhani kuwa twalihalalisha lililoharimishwa. Imepokewa katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kuchora na mwenye kutaka kuchorwa. Wala haifai kulinganisha mchoro huo na hina ya bibi harusi, kwani hina hukaa juu ya ngozi na hufutika baada ya siku chache, na huu huingizwa chini ya ngozi ukabakia umri mzima. Tena sindano isiyosafishwa yaweza kumwambukiza mtu maradhi ya ini na UKIMWI. Hukumu hii ni wazi, lakini suali letu ni jingine: huyu aliyekwisha kuchorwa, na sasa yumo katika uchungu, atendewe nini?

Jawabu ya waganga yataka kwanza tuijue sindano yenyewe. Daktari wa ganzi huingiza sindano katikati ya mifupa ya mgongo wa chini, mahali ambapo kamba kubwa ya mishipa ya fahamu imekwisha koma juu yake. Ziko namna mbili. Ya kwanza, dawa huwekwa nje ya utando unaoizunguka mishipa hiyo, na huachwa mpira mwembamba ili iongezwe kidogo kidogo mpaka mtoto azaliwe. Hii ndiyo ya kupunguza uchungu, wala haipatikani katika kila hospitali, kwani yahitaji mtaalamu wa kumwangalia mama muda wote. Ya pili, dawa hupitishwa ndani ya utando kwa mara moja, na mama hufa ganzi toka tumboni hadi miguuni. Hii ndiyo itumikayo sana katika operesheni ya uzazi, na ndiyo ambayo mama aliyepelekwa hospitali kuu ya Thika kwa operesheni huenda akakutana nayo.

Khofu ya wino ilitoka wapi? Mwaka 2002 madaktari wa Vancouver, katika nchi ya Kanada, waliandika khabari za wazazi watatu wenye michoro mgongoni waliopewa ganzi. Waliuliza kama sindano yenye tundu yaweza kumega kipande kidogo cha ngozi yenye rangi na kukipeleka ndani, kikaleta uvimbe karibu na mishipa. Lakini wazazi wale watatu hawakupatikana na dhara. Na tangu hapo wanawake wengi wenye michoro wamepewa ganzi ulimwenguni, wala haikuthibiti kuwa wino umempoozesha yeyote. Basi khofu hiyo ni ya tahadhari, wala si ya kumnyima mama dawa.

Na tahadhari yenyewe ni nyepesi. Daktari hutafuta nafasi ya ngozi isiyo na rangi, kwani mara nyingi huwapo kati ya mistari. Asipoipata, huweza kuhama kwenye pengo jingine la mifupa, au kuipasua ngozi kidogo kwanza ili sindano isipite kwenye wino. Linalokataza hasa ni kidonda: mchoro mbichi usiopona, au uliovimba, au wenye usaha, kwani hapo huogopewa vijidudu kuingia ndani. Na mama mwenye kuikataa sindano ya mgongo kwa uvumi, ilhali operesheni imemlazimu, huenda akalazwa usingizi kamili. Usingizi huo kwa mwenye mimba una hatari zake, kama chakula cha tumboni kupanda na kuingia mapafuni. Amekimbia khofu ya kudhaniwa, akaiendea hatari ijulikanayo.

Ama wale wasemao kuwa uchungu ni adhabu, twawauliza: Bibi Maryamu alikuwa na dhambi gani? Qurani imetueleza jinsi uchungu ulivyompeleka kwenye shina la mtende, hata akatamani lau angalikuwa amekwisha kufa. Naye ni mteule aliyetakaswa. Na Mola wake hakumkemea, bali alimpa maji ya kunywa na tende za kula. Hiyo ndiyo adabu ya kumtendea mzazi. Wakristo wa Ulaya nao walipata kubishana juu ya jambo hili, pale daktari Simpson wa Edinburgh alipoanza kuwapa wazazi dawa ya kupunguza uchungu mwaka 1847. Sisi hatuna haja ya kuyaokota mabishano hayo, kwani Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na ametufundisha kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa. Na anayekufa kwa uzazi amehesabiwa katika mashahidi. Je, mtu wa daraja hiyo ndiye wa kusimangwa kitandani?

Limebaki neno la haya. Yuko mama anayeuficha mgongo wake kliniki kwa kumwogopa mkunga, au mama mkwe, au mumewe, mpaka usiku wa kujifungua. Haya ni katika imani, lakini haya inayomzuia mtu kumwambia tabibu ukweli ni udhaifu. Dada yetu, uonyeshe mchoro wako mapema kwa mkunga wa Ruiru au wa Thika, ili mahali pa sindano papangwe kwa utulivu. Kwa dharura ya tiba, ruhusa ya kufunua kiasi kinachohitajika ni jambo mashuhuri kwa wanazuoni. Na wewe mume, ukiitwa kutia saini ya operesheni, usimhukumu mkeo mlangoni. Tia saini, kisha uombe dua.

Na mwenye kujuta asikate tamaa. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa mchoro ukiweza kuondolewa bila ya madhara huondolewa, na ikikhofiwa kupoteza kiungo au kuharibika vibaya, toba yatosha. Wala asiache kusali kwa kisingizio cha wino, kwani rangi iliyo chini ya ngozi haizuii maji ya udhu kufika juu yake.

Basi enyi wazee, wakatazeni mabinti kabla hawajachorwa, kwani hapo ndipo pa maneno makali. Akisha kuingia katika uchungu, hapana tena nafasi ya lawama, pana nafasi ya gari la kumpeleka, na damu ya kumwongeza ikihitajika, na ulimi mwema.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awafanyie wepesi wazazi wetu wote, awasamehe waliokosa, na awape watoto wema. Amin.