Ilimu ya Tahadhari ni Amana

Ndugu zetu wa pwani, hapa Butere watu huuliza: je, mikutano na mafunzo ya kujitayarishia maafa si kushindana na kadari ya Mungu? Jawabu ni la. Sayyidna Umar alipopata habari ya tauni ya Sham aliwarejesha watu, na alipoulizwa alijibu kuwa waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari yake. Swali zito ni jingine: ilimu hiyo ikisha kupatikana, ni haki ya nani?

Katika mji wa Kakamega, makao ya kaunti yetu, kiko Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, nacho hufundisha ilimu ya kukabili maafa. Katika mji huo huo, tarehe 3 Februari 2020, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Kakamega walisongamana ngazini wakitoka madarasani jioni, wakafa watoto wasiopungua 13. Simlaumu mtu, lakini twaona kwamba ilimu yaweza kuwa jirani wa msiba isiuzuie.

Jambo hili ni fardhi kifaya: wakilitimiza baadhi, wengine husalimika, likiachwa, dhambi ni ya wote wenye uwezo. Basi aliyerudi mkutanoni na cheti peke yake hajatimiza kitu. Na aitazame milango ya msikiti na ngazi za madrasa, awazoeze watoto kutoka bila ya kusukumana. Nasi tusimwite mwoga. Ilimu hiyo ni amana, na mwenye amana ataulizwa.