Tafsida Mbele ya Mgonjwa wa Akili

Darasani twawafundisha wanafunzi kwamba mtu hafi, bali hufariki. Wala maiti hazikwi, bali husitiriwa. Anayeitumia vyema tafsida twamhesabu kuwa mwenye adabu. Lakini je, adabu hii ya maneno yaweza kuwa kosa? Tuliulizane jambo hili kwa kumtazama mwuguzi anapomhoji mgonjwa wa akili.

Huanza kwa salamu, akauliza habari za usingizi, chakula na jamaa wa nyumbani. Hayo si magumu. Ugumu huja anapopaswa kujua iwapo mgonjwa anataka kujiua. Hapo ulimi humwia mzito, akasema, "Mama, una mawazo mabaya?" Mama hujibu kwamba hana, wala hasemi uongo. Kwa wengi wetu mawazo mabaya ni chuki na husuda. Mama aliyekwisha kuamini kwamba wanawe wangepata nafuu lau yeye hangekuwapo, haoni ubaya wowote katika wazo hilo. Aliona kuwa ni huruma. Basi mwuguzi huandika "hapana" katika faili, akaenda zake.

Wako wasemao kwamba kulitaja neno lenyewe ni kumfundisha mgonjwa tendo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010, lilieleza kwamba kuuliza hakumchochei mtu kujidhuru. Kwa hiyo twaamini kwamba tafsida hapa humsitiri mwulizaji, asije akalisikia jibu.

Hata hivyo hatusemi mgonjwa aulizwe kwa ukali. Hapa Uganda Kiswahili kilikuwa kwa miaka mingi lugha ya kambi za jeshi na polisi, na wazee wangali wanakumbuka maswali waliyoulizwa kwayo. Tena sheria za jinai za enzi ya Waingereza zilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Mgonjwa anayenyamaza huenda anamwogopa askari kuliko anavyoyaogopa mauti. Kwa hiyo salamu ndefu si kupoteza wakati, na neno "pole" lina kazi yake. Lakini baada ya upole huo swali na liwe wazi: "Mama, wapo wanaofikwa na mazito kama haya wakatamani kufa. Je, wewe umefikiri kujiua?" Kisha mwulizaji anyamaze, angoje. Jibu likiwa ndiyo, asishtuke wala asihubiri. Amshukuru kwa kumwambia, aulize tangu lini, na nani yu pamoja naye nyumbani usiku, wala asimwache peke yake.

Lawama zote si za mwuguzi. Katika mazungumzo tunayowatungia wanafunzi wa uuguzi, mgonjwa huumwa kichwa, tumbo au mguu, akapewa dawa, akashukuru. Hatujapata kumwandika hata mmoja aliyechoka kuishi.