Mnyama wa Yohana Kando ya Ziwa

Mwaka 1909 ukanda wa Ziwa Victoria ulipokea kwa mpigo namna mbili za kusoma Ufunuo wa Yohana. Wamisionari Waadventista Wajerumani, waliokwisha kufanya kazi Upare, walifungua kituo Majita. Africa Inland Mission nayo ikaichukua Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, kutoka kwa Waanglikana wa CMS. Kwa Waadventista, wanyama wa Danieli na Yohana ni historia iliyotabiriwa hatua kwa hatua: siku moja ya unabii ni mwaka, zile 1,260 ni karne za utawala wa Papa, zile 2,300 zilikwisha 1844. Inland ilitoka katika mkondo wa Kimarekani uliokuwa ukipata nguvu kupitia Biblia ya Scofield, iliyochapwa mwaka huohuo, nao husukuma karibu kila kitu mbele: unyakuo, dhiki kuu ya miaka saba, Mpingakristo. Hadi leo, kwenye efoti (mikutano ya mahubiri) za Waadventista, yaani Wasabato, sanamu ya ndoto ya Nebukadreza huoneshwa kuanzia kichwa cha dhahabu hadi nyayo za chuma na udongo, na kwenye mikutano ya injili ya Kipentekoste, inayofuata mkondo huu wa pili, Mpingakristo anasubiriwa wakati wowote. Mahasimu hawa wawili wanakubaliana jambo moja, na hilo ndilo silikubali: kwamba kila alama ina mwenyewe mmoja tu, na kazi ya msomaji ni kumtafuta.

Yohana mwenyewe hakusoma hivyo. Danieli sura ya 7 ina wanyama wanne wanaopanda kutoka baharini: simba, dubu, chui, na wa nne mwenye pembe kumi. Ufunuo 13 unaleta mnyama mmoja, naye anafanana na chui, ana miguu ya dubu, kinywa cha simba na pembe kumi. Kama kila mnyama wa Danieli angekuwa jina la siri la dola moja tu, Yohana angekuwa amelivuruga fumbo. Lakini alichofanya kinaeleweka tukizichukua alama hizi kuwa kipimo cha utawala unaodai kuabudiwa: Roma ya siku zake ilikuwa na tabia za madola yote yaliyotangulia. Wala hakuificha sana. Sura ya 17 inataja vilima saba, na Mkristo wa Efeso au Smirna hakuhitaji mwalimu wa kumwambia ni mji gani. Mtu atasema kwamba malaika alimtajia Danieli majina, kwamba kondoo dume wa sura ya 8 ni Umedi na Uajemi, na beberu ni Uyunani. Ni kweli, na hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote upande wa Waadventista. Ila jina linapohitajika andiko linalitoa lenyewe, halimwachii mhubiri alisake kwenye taarifa ya habari. Na kumtaja mlengwa wa kwanza hakuzuii kipimo kutumika tena.

Kumtafuta mwenye alama kuna historia ndefu ya Kiprotestanti. Luther mwaka 1522 aliandika kwamba roho yake haikukubaliana na Ufunuo. Kufikia 1530, alipokwisha kumwona Papa ndani yake, alikipa kitabu hicho nafasi kubwa. Calvin, aliyefafanua karibu Agano Jipya lote, hakukiandikia ufafanuzi. Ugomvi ule wa Ulaya ulikuja ziwani ukiwa mzima, na wapo wanaomhubiri Papa kuwa mnyama huku watoto wao wakiuguzwa Bugando, hospitali ya maaskofu Wakatoliki jijini Mwanza. Wengine wanahofu kwamba tukiyaacha majina tutaufanya unabii kuwa hadithi ya kale. Sioni hivyo. Kurudi kwa Kristo, hukumu na Yerusalemu mpya vinabaki palepale. Kinachopotea ni ratiba tu.

Madhara ya kutafuta majina huonekana zaidi kwenye chapa ya mnyama. Mchuuzi wa dagaa mwaloni Kirumba, ambaye laini yake ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), akisikia kwamba asiye na chapa hatanunua wala kuuza, ana haki ya kuuliza. Nchini Kenya, mwaka 2019, baadhi ya wahubiri walisema Huduma Namba, namba ya utambulisho ya serikali, ndiyo chapa yenyewe. Mmoja wao alikuwa Paul Mackenzie wa Malindi, aliyefikishwa mahakamani kuhusu vifo vya wafuasi wake katika msitu wa Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia 2023. Lakini wasomaji wa kwanza waliagizwa kuihesabu namba ya mnyama, 666, maana yake waliweza. Jina la Nero Kaisari kwa herufi za Kiebrania linatoa 666, na likifuata tamshi la Kilatini linatoa 616, tarakimu iliyomo katika baadhi ya nakala za kale. Maelezo haya yana wapinzani, ila sijaona mengine yanayozibeba tarakimu zote mbili. Paji la uso na mkono navyo vimo tayari katika Kumbukumbu la Torati 6, ambako amri za Mungu zinafungwa mahali hapohapo: ni alama ya utii. Namba za sura ziliwekwa karne ya 13, hazikutoka kwa Yohana. Basi unapofika mwisho wa sura ya 13 usifunge kitabu. Mstari unaofuata unawaonesha wale 144,000 wakiwa na jina la Mwana-Kondoo na la Baba yake kwenye vipaji vya nyuso zao, na hakuna mhubiri anayedai kwamba jina hilo limo ndani ya kadi.