Tundu la Chombo na Amana ya Roho

Pale Mchinga, kama ilivyo katika bandari ndogo nyingi za pwani ya Lindi na Kilwa, nyumba ikikosa siku moja ya bahari huijua siku hiyo jikoni. Ndiyo maana bomba la moshi la mashine likianza kuvuja, neno la kwanza la mwenye chombo huwa hili: "Fundi, itengeneze hapo hapo, usiku watoke." Chombo kimetia nanga, kinaelea, mabaharia wanangoja. Fundi anateremka na spana zake.

Je, mwenye chombo ana haki ya kuamuru hivyo? Wengi watajibu upesi: "Fundi amekubali mwenyewe, tena analipwa." Jibu hilo ndilo tulitazamalo leo.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Katika mashine nyingi zilizofungwa ndani ya chombo, pampu huvuta maji ya bahari ili kuipoza mashine. Kisha maji hayo huchanganyika na moshi na kutoka pamoja nao kwa mpira mpana unaopenya ubavuni au tezini. Mara nyingi tundu lile liko juu kidogo tu ya maji. Wanaume wawili wakihamia tezi kufanya kazi, tezi huzama kidogo, na tundu lililokuwa juu sasa liko chini. Mpira ukiwa umevuliwa, bahari imekwisha fungua mlango. Tundu la upana wa sentimita 5, likiwa sentimita 30 chini ya maji, laweza kuingiza zaidi ya lita 150 kwa dakika moja, yaani zaidi ya madebe saba. Ni nani awezaye kuyafua kwa kata?

Hatari ya pili haina kishindo. Bomba likifungwa ovyo ili kuwahi, moshi huvujia ndani. Humo mna kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu iliyozidi mara 200 kuliko oksijeni. Baharia huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hushikwa na kichefuchefu, akadhani ni bahari imemlevya. Hulala apumzike, na huenda asiamke.

Bwana Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Nuuman bin Bashir na kuandikwa na Imamu Bukhari, alipiga mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini walitaka kutoboa tundu katika sehemu yao, wapate maji bila ya kuwaudhi wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote husalimika. Tuangalie sana: watu wale hawakuwa na nia mbaya. Walitaka kupunguza taabu tu, na sehemu ile ilikuwa yao. Lakini maji hayaulizi nia ya mtu.

Na jambo letu limezidi pale. Katika mfano ule, atakaye tundu yumo chomboni. Huku kwetu, mwenye kuamuru amekaa barazani anakunywa kahawa. Faida itafika kwake; maji hayatamfika.

Basi ule ukubali wa fundi una uzito gani? Aliyekubali bila kujua hatari hakukubali kitu. Aliyekubali kwa kuwa watoto wake hawajala, kukubali kwake kuna kasoro. Hata aliyejua na kushiba, roho yake ni amana aliyopewa na Mwenyezi Mungu. Hana ruhusa ya kuitoa kwa ujira wa siku moja. Wanazuoni wetu wametaja mambo ambayo Sheria imekuja kuyalinda, na nafsi ya mtu wameitanguliza mbele ya mali yake. Tena mabaharia watakaolala juu ya bomba lile usiku, nani aliwauliza?

Hatusemi kwamba kutengeneza chombo kikielea ni haramu. Mashine yaweza kufa katikati ya bahari, na dharura ina hukumu yake. Lakini hata hapo kuna haki za kutimizwa: mashine ipoe kwanza, tundu lizibwe kwa nje kwa kizibo cha mti kabla mpira haujaguswa, mtu mmoja asiwe na kazi ila kutazama maji, na mashine ikiwashwa tena, ijaribiwe mahali penye upepo kabla ya mtu kulala. Na fundi aliyefunga kiraka aseme "nimefunga kiraka", asiseme "imepona".

Ama mwenye kuharakisha bila dharura, hana udhuru. Mwenyezi Mungu ametujaalia maji yanayotoka mara mbili kwa siku, baina ya kupwa na kupwa saa kumi na mbili na dakika 25 hivi. Wakati wa bamvua, chombo kilichopwelewa mchangani hutengenezwa na fundi aliyesimama juu ya nchi kavu. Hili ndilo gudi la maskini, wala halina kodi. Anayekataa kungoja kupwa moja hununua saa chache kwa roho ya mwenziwe.

Basi wewe mwenye chombo, kabla hujasema "hapo hapo", jiulize: lau mwanao ndiye angeshika spana ile, ungengoja maji yatoke? Kama ungengoja kwa mwanao, ngoja na kwa mwana wa jirani.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuzitunza amana zake. Amin.