Ajali Haina Kinga?

Methali hii imewatuliza wafiwa wengi, na makaburini sina ugomvi nayo. Nagombana nayo inapohamishiwa kwenye ugonjwa ambao bado haujabisha hodi. Katika kisukari aina ya kwanza, mshambuliaji ni kinga yenyewe: askari wa mwili huzigeukia seli za beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, na kuzimaliza kidogo kidogo, pengine kwa miaka, kabla mtoto hajaanza kukonda na kukojoa kila mara. Kipimo cha damu huweza kuonyesha vita hivyo angali anacheza. Na njia ya kuvichelewesha ipo. Novemba 2022 Marekani iliidhinisha dawa ya teplizumabu kwa wenye miaka 8 na zaidi ambao sukari imeanza kuyumba bila dalili. Katika jaribio lililotangazwa 2019, lenye watu 76, dripu za siku 14 ziliusogeza ugonjwa mbele: muda wa kati wa kuupata ulikuwa takriban miezi 48, dhidi ya 24 kwa wasiopewa dawa.

Wapo waonao kuuchelewesha ugonjwa hivi ni kushindana na kadari. Lakini Khalifa Umar, aliposikia tauni imeingia Sham, aligeuza msafara; kamanda wake Abu Ubaida alipomuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, alijibu kuwa anaikimbilia kadari ya Mungu vilevile. Ajali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni muda wa kufa uliokwisha kupangwa. Kongosho la mtoto si muda huo. Ni amana, na mwenye amana huilinda hata asipojua itadumu hadi lini.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni jingine: dawa inachelewesha tu, ni ghali, na kwetu hata insulini yenyewe huwashinda wengi, ya nini kumjulisha mzazi msiba asioweza kuuzuia? Miaka miwili bila sindano si kitu kidogo kwa mtoto wa miaka 8, na pasipo na insulini ya uhakika, kila seli iliyosalia ina thamani kubwa zaidi, si ndogo. Hata dawa ikikosekana, mzazi aliyeonywa atakimbilia kupima sukari siku mwanawe atakapoanza kutapika na kuhema, badala ya mtoto kutibiwa malaria hadi apoteze fahamu.