Wimbo Uliorudi Bila Jina

Faili linaitwa f0184320.mp3. Jina hilo hakulitunga mwalimu wa kwaya wala mpiga kinanda. Limetolewa na programu ya kuokoa mafaili, na namba iliyomo inaonyesha tu mahali wimbo ulipookotwa ndani ya diski iliyoharibika. Ukilifungua, sauti zinapanda na kushuka vizuri kabisa. Ni za akina nani? Faili halisemi.

Tukiweke kisa hiki Kiruruma. Huko, kama kwenye senta nyingine za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, tuseme nyimbo za watu wengi zimekaa kwenye kompyuta moja ya kibandani, katikati ya chaja na simu zinazosubiri fundi. Mteja analeta flashi au memori kadi, anataja anachotaka, kwaya au bongo fleva au bendi za zamani, anaingiziwa, analipa, anaondoka. Hakuna anayekiita kibanda hicho maktaba mpaka siku diski inapoanza kugonga, na kompyuta ikauliza kama iifomati.

Fundi anayejua kazi yake anakataa. Anafahamu kuwa orodha ya mafaili ikivurugika, nyimbo zenyewe mara nyingi bado zimelala palepale. Kilichopotea ni daftari la kuonyesha kila mmoja uko wapi. Anatafuta kwanza nakala ya akiba kwenye diski ya nje. Akikuta ni ya mwaka juzi (nakala za akiba zina tabia hiyo), anaanza kuchokonoa. Programu kama PhotoRec, ya Mfaransa Christophe Grenier, haihangaiki na daftari lililoharibika: inapita diski hatua kwa hatua, ikitafuta alama ambazo aina fulani ya faili huanza nazo. MP3 nayo ina bahati yake. Kwa kawaida imekatwa vipande vya kama milisekunde 26, kila kimoja na kichwa chake, hivyo vichache vikiharibika wimbo unakwaruza kidogo na kuendelea. Jina la faili ndilo halirudi. Linaweza kuwepo jina jingine ndani, kwenye lebo ya baiti 128 mwishoni mwa faili, yenye nafasi ya herufi 30 za jina la wimbo na 30 za msanii. Lakini wimbo ukishapita mikono mingi, usishangae kukuta lebo hiyo inatangaza tovuti ulikopakuliwa.

Hapo swali linamtoka fundi mikononi. Kilichorudi ni wimbo uleule?

Kompyuta ina jibu lake. Hupiga hesabu iitwayo SHA-256 na kutoa alama ya tarakimu na herufi 64. Alama ya faili ikilingana na ya nakala ya akiba, hicho ni kitu kilekile. Jibu safi, ila lina kichekesho ndani yake. Wimbo mmoja ukihifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde na tena kwa 320, alama hizo hazitalingana, na bado hakuna mteja atakayekubali kulipia nyimbo mbili.

Wenye dini walilikuta jambo hili zamani. Katika sura ya 36 ya kitabu cha Yeremia, mfalme Yehoyakimu ameketi mbele ya moto wa majira ya baridi, anasomewa gombo la nabii, na kila zinaposomwa safu tatu nne anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Yeremia anamwita tena mwandishi wake Baruku na kumsomea yote upya. Kisha, inasimuliwa, yakaongezwa maneno mengine mengi yanayofanana na yale. Kwa kipimo cha kompyuta, nakala hiyo imekataliwa. Kwa waumini, ni lile neno lililoungua.

Waislamu wana simulizi iliyo kali zaidi. Baada ya vita vya Yamama, walipouawa wengi waliohifadhi Qurani kifuani, khalifa Abu Bakr alimwagiza Zayd bin Thabit aikusanye katika maandishi. Zayd mwenyewe alikuwa ameihifadhi. Pamoja na hayo, kwa mujibu wa mapokezi, hakupokea kipande kilichoandikwa bila mashahidi wawili. Ngozi na mfupa vilibeba maneno. Kuyathibitisha ilikuwa kazi ya watu.

Nanga, ala ya muziki ya Kagera, inavuruga hesabu hiyo. Ni ubao uliochongwa kama hori, na mpigaji wake husimulia tenzi za mashujaa huku akipiga. M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyezichunguza tenzi hizo kwa miaka mingi, anaonyesha kuwa msanii huutunga utendi upya kila anapoutamba. Mpiga nanga hana faili la kwanza la kurejeshea. Asije mtu akadhani kwamba kwa hiyo hapotezi kitu: akifa bila mwanafunzi, hakuna programu ya kuchokonoa kaburi.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi muziki wa kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, mwaka 1950 na 1952. Mei 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote lilivamia kasri hilo, Lubiri, na muziki wa kasri ukasambaratika. Rekodi zilisalimika. Lakini muziki wa amadinda, marimba ya Buganda, una mtego: wapigaji wanapishanisha mapigo kwa kasi, na sikio linaunganisha sauti hizo kuwa miondoko ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipiga peke yake. Kilichomo kwenye kanda ni kile kinachosikika. Mkono wa nani ulipiga nini, kanda haikuambii. Mtafiti Gerhard Kubik kutoka Austria aliufahamu mtego huo kwa kuketi na kujifunza kwa Evaristo Muyinda, mpigaji mwenyewe.

Basi turudi kibandani. Fundi amefikia f0184320, na ameomba mama mmoja wa sauti ya pili aje asikilize. Mama anaweka kikapu chini, anainamisha kichwa.

"Huu ni wetu," anasema. "Wa Pasaka."

Fundi anataka kuandika jina.

"Ngoja, baba. Mbona umeanzia katikati? Palikuwa na kinanda hapa."

Fundi anarudisha mwanzo, anacheza tena. Kinanda hakipo, sekunde chache za mwanzo hazikuokotwa. Mama anaziimba mwenyewe, midomo imefumbwa, kidole kikihesabu juu ya meza, na fundi anasubiri na mikono yake juu ya kibodi.