Usingizi wa Daktari

Msomaji, nahodha akisinzia kwenye usukani hatumsifu kwa uvumilivu. Twamwondoa, tukamweka mwingine. Lakini daktari mwanagenzi akikesha usiku baada ya kutwa nzima ya kazi, watu wengi humwona shujaa. Fikiri tofauti hii imetoka wapi, ilhali wote wawili wamekabidhiwa maisha ya watu.

Katika mwaka 1984 Libby Zion, msichana wa miaka 18, alipelekwa hospitalini usiku katika mji wa New York akiwa na homa, naye akafa asubuhi. Waliomtunza walikuwa wanagenzi wenye wagonjwa wengine wengi. Sababu ya kifo chake ilibishaniwa kwa miaka, lakini baba yake, mwandishi wa magazeti, hakukubali jambo lile lizikwe pamoja na mwanawe. Mwaka 1989 jimbo la New York liliweka mpaka wa saa 80 kwa juma, na mwaka 2003 mpaka huo ukaenea Marekani nzima. Saa 80, msomaji! Juma zima lina saa 168 tu.

Walimu wa kale walipinga, na hoja yao si ya kudharauliwa. Mwanagenzi aliyeufuata ugonjwa tangu homa ya kwanza hata nafuu hujifunza jambo ambalo aliyeondoka katikati halipati. Tena zamu zikiwa fupi mgonjwa hupita katika mikono mingi, na katika kukabidhiana neno moja muhimu huweza kusahauliwa. Jaribio kubwa kati ya wanagenzi wa upasuaji wa Marekani, lililotangazwa mwaka 2016, halikuona kwamba zamu ndefu ziliongeza vifo. Lakini angalia vema: pande zote mbili za jaribio hilo zilishika mpaka wa saa 80.

Kwangu mimi swali ni hili: usingizi huo ni mali ya nani? Mtu aweza kuutoa sadaka usingizi wake kama atoavyo fedha zake. Hawezi kutoa sadaka usalama wa mgonjwa ambaye hakuulizwa. Wala mwanagenzi mwenyewe si huru sana kukataa, maana cheti chake kimo mikononi mwa wale wale wampangiao zamu.

Hata hivyo, saa zikipunguzwa na kazi ikabaki ile ile, mwanagenzi ataandika 80 katika daftari na kufanya 100 wodini. Adaiye mpaka sharti adai pia madaktari zaidi, na muda wa utulivu, kila zamu inapobadilika, wa kuelezana hali ya kila mgonjwa kitanda kwa kitanda.